Wiki ya darasa la pili kwenye shule ya serikali Mtwara: vinavyokwenda na vinavyokwama

Wiki inayoangaliwa hapa ni ya darasa la pili, muhula wa kwanza, kwenye shule ya msingi ya serikali iliyo ukingoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Jina la shule tunaliweka pembeni, kwa kuwa mengi ya haya mzazi wa Nanyamba, Mtama au Kilwa Masoko atayakuta shuleni kwake vilevile. Darasa lina watoto 90, mwalimu mmoja wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na madawati 24. Chumba chenyewe ni cha kupokezana: darasa la pili wanaingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 6:00, darasa la kwanza wanaingia saa 6:30. Kipindi kimoja ni dakika 30. Ada hakuna. Mzazi anabeba sare, daftari, penseli na mchango wa uji.

Hukumu itangulie, mwenye haraka aondoke nayo. Kuhesabu wanafundisha vizuri sana, na zana zao walizotengeneza wenyewe zinazishinda nyingi za dukani. Kusoma wana mbinu sahihi, ila mtoto mmoja mmoja hapati zamu ya kutosha ya kusoma kwa mdomo wake. Jaribio la Ijumaa linakula muda na halimwambii mtu kitu. Uji ni mzuri.

Hilo la zamu ndilo linaloamua mengine, kwa hiyo tuanze na hesabu yake. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Gawa kwa watoto 90: kila mmoja sekunde 20. Na hapo mwalimu hajafuta ubao, hajaita mahudhurio, hajamtuma monita ofisini kufuata chaki. Mtoto akiitwa mbele asome mmoja mmoja, wenzake 89 wanatazama dirishani, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe inagongwa kabla safu ya pili haijafikiwa. Shule yoyote yenye darasa la ukubwa huu ipimwe kwanza kwa jinsi inavyozikwepa sekunde hizo 20.

Utaratibu wa kipindi cha Kusoma ni huu: dakika 5 kurudia sauti za jana, dakika 10 sauti mpya, dakika 10 watoto wasome wenyewe, dakika 5 kupima kwa kuokoteza huyu na yule. Hauna kasoro. Sauti inafundishwa kama sauti. Mwalimu akishika kadi ya herufi m hasemi "emu", anabana midomo na kuivuta "mmm". Mtoto aliyefundishwa "emu" ataunganisha "emu-a-emu-a", na mama hatokei hapo hata mkeshe. Kuanzia sauti wanakwenda silabi, neno, sentensi, kisha hadithi fupi ya mistari minne au mitano.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za ng na ng'. Watoto walipewa maneno sita: ngoma, ngazi, nguo upande mmoja, ng'ombe, ng'oa, ng'ara upande wa pili. Njia ya mwalimu ni ya kushika pua. Mtoto anabana pua kwa vidole viwili na kujaribu kuivuta sauti ya mwanzo ya ng'ombe: haitoki kabisa, kwa sababu hewa yote ya sauti ile inapita puani. Akiachia pua inarudi. Kwenye ngoma anasikia ile g inapasuka kooni baada yake. Wengi waliipata siku hiyohiyo kwa sikio. Kilichobaki ni kile kikoma cha juu, ambacho kwenye daftari kinasahaulika au kinawekwa baada ya o. Dawa aliyoitumia ni kukiandika ubaoni kwa chaki ya rangi na kuwaambia watoto kitangulie kuandikwa kabla ya irabu. Inasaidia. Wanaoandika neno lote kwanza na kurudi kuweka alama ndio wanaoisahau.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, na hapa ndipo darasa la Mtwara linapotofautiana na la Tanga au Morogoro. Kimakonde kinaivuta m ya mwanzo iende na konsonanti inayoifuata, kwa hiyo mtoto wa nyumba ya Wamakonde anasema ntoto, nkate, nkono. Anasema nchi na moyoni ana mchi wa kutwangia. Akiambiwa aandike anachosikia, anaandika anachosikia, na mwalimu mgeni anamwekea kosa la tahajia wakati mtoto amelisikia neno hivyo tangu amezaliwa. Kumchapa au kumcheka hakumpeleki popote. Mwalimu huyu ana vioo sita vya mfukoni, vile vyenye fremu ya plastiki, vinavyozungushwa safu kwa safu: ukitamka m, midomo imefungwa na unaiona imefungwa, ukitamka n, midomo iko wazi na ulimi umegusa nyuma ya meno. Mchi na nchi zinatamkwa zikifuatana mara tano, jicho kwenye kioo. Kisha makofi: m-ka-te, makofi matatu. Mtoto anayepiga mawili anasema "mka-te", na huyo akiandika ataiacha m au ataigeuza. Ni dakika 10 zilizotumika vizuri kuliko zote katika wiki nzima. Sauti nyingine zinazosumbua huku, yaani th, dh na gh, zimesogezwa wiki za mbele, na ni sawa. Ghali na gari zikichanganywa na mchi na nchi ndani ya wiki moja, hakuna kitakachoshika.

Kinachoharibu ni kuitikia kwa pamoja. Chati ya silabi iko ukutani, fimbo inagonga, darasa zima linaimba ba be bi bo bu mpaka mama anayekaanga mihogo nje ya uzio anaimba naye. Masikio ya mgeni yanaridhika. Funika silabi nne kwa mkono, acha bo peke yake, na uwaulize wale wanaoimba kwa sauti kubwa kuliko wote: baadhi wanaanza "ba be bi..." kimoyomoyo ili waifikie. Hao hawajasoma, wamekariri mstari. Kipimo rahisi ni kuanzia nyuma, bu bo bi be ba, au kurukaruka. Mwalimu analijua hilo na Jumatano alifanya hivyo, lakini Jumatatu na Jumanne wimbo ulikula dakika zote 5 za kurudia na ukaingia kwenye zile 10 za sauti mpya. Wimbo ubaki dakika moja ya kuamsha darasa, basi.

Kuhusu hizo chati, sifa ziende zinakostahili. Za karatasi ya dukani hazipo. Zipo za aina mbili: mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kugeuzwa upande wa ndani, na salfeti nyeupe za unga zilizofumuliwa. Saruji mkoani kwetu inazalishwa hapahapa, kwa hiyo mifuko haikosekani kwenye ujenzi wowote. Mfuko wa saruji una tabaka zaidi ya moja. Tabaka linaloigusa saruji litupwe, maana vumbi lake linawasha ngozi na kuingia kifuani, na lililobaki likung'utwe nje, si ndani ya darasa. Karatasi hiyo inaandikika vizuri kwa makapeni, ila mchwa na mende wanaipenda, na ikiloana imekwisha. Salfeti inadumu miaka, inakunjwa, inaoshwa, lakini wino unasambaa kwenye nyuzi, kwa hiyo herufi ziwe nene na kubwa, sentimita 5 kwenda juu kwa uchache, la sivyo wa dawati la nyuma anasoma mawingu. Chati iliyotundikwa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi inafifia haraka. Darasani humu ndiyo iliyo na silabi ngumu kuliko zote, na imeshakuwa ya rangi ya chai. Ihamishiwe ukuta wa pili, kazi ya misumari minne.

Sasa vitabu. Vitabu vya Kusoma vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo 30 kwa darasa hili, yaani kimoja kwa watoto watatu. Vinakaa kabatini ofisini na vinatoka Jumanne na Alhamisi tu. Siku hizo mwalimu anafanya jambo ambalo shule nyingi zingeiga. Madawati ni 24 na watoto 90, kwa hiyo madawati 18 yanakaliwa na wanne wanne, na 6 na watatu watatu. Anamtoa mtoto wa nne kwenye kila dawati lililojaa, wanakuwa 18, wanakaa kwenye mikeka miwili mbele, makundi sita ya watatu. Vitabu 24 madawatini, 6 mikekani, hakuna kinachobaki. Kila kundi linasoma kwa zamu, mmoja anasoma, wa pili anafuata kwa kidole, wa tatu anasikiliza na kumsahihisha. Katika dakika 10 kila mtoto anapata dakika 3 na sekunde 20 za kusoma kwa mdomo wake. Ni mara kumi ya zile sekunde 20.

Kelele zipo, tena nyingi, makundi 30 yakisoma kwa pamoja. Mwalimu mkuu asiyezoea atadhani darasa halina mwalimu. Kelele ya kusoma inatambulika lakini: ukisimama mlangoni unasikia maneno ya kitabuni. Kasoro ni mbili. Mtoto aliye katikati anakiona kitabu sawasawa, wa pembeni wanakiona kiupande, kwa hiyo nafasi zibadilishwe kila zamu. Jumanne zilibadilishwa, Alhamisi zikasahaulika. Ya pili ni kundi lenye watatu wasiojua wote. Hapo kitabu kinageuzwa picha na wanasimuliana habari za jogoo. Kila kundi liwe na mmoja anayesoma sentensi bila kukwama, na kwa hilo mwalimu anahitaji kujua nani anasoma nini, jambo linaloturudisha kwenye Ijumaa mbele huko.

Kwa nini siku mbili tu? Jibu la ofisi ni kwamba vitabu vitachakaa. Vitachakaa, ndiyo kazi yake. Kitabu kilichofungwa gamba la karatasi ngumu na kuwekwa mkanda wa selotepu mgongoni kinavumilia mikono ya darasa la pili. Vitabu vya taasisi hiyo vipo pia kwenye maktaba mtandao yake, bure, na mzazi mwenye simu janja anaweza kumfungulia mtoto jioni. Lakini mzazi aliye shambani Mkunwa hatapata nafuu hiyo, na hadithi ya mistari mitano inaweza kunakiliwa ubaoni ikasomwa siku zile tatu ambazo kabati limefungwa.

Kuandika kunaenda wastani. Imla ni Jumatano, maneno 10. Mwalimu anasahihisha madaftari 90, dakika moja kila moja, saa moja na nusu ya mchana wake. Kazi yote hiyo inaishia kwenye vema na mkasi. Mtoto anaona mikasi minne, anafunga daftari, haandiki masahihisho kwa kuwa neno sahihi halipo mahali popote. Wino mwekundu utumike kidogo: sahihisha maneno matatu tu yaliyokosewa na wengi, yaandike ubaoni Alhamisi asubuhi, kila aliyekosa ayaandike mara mbili. Nusu ya muda, faida mara mbili.

Kwenye madawati ya wanne viwiko vinagongana, na mwandiko wa wawili wa kati unalala kama mnazi wa pwani. Mtoto wa mkono wa kushoto akae ncha ya kushoto ya dawati. Darasani walionekana watatu na wawili kati yao walikaa katikati, kila mmoja akipigana na kiwiko cha jirani. Wembe wa kuchongea penseli umejaa kwenye mifuko ya kaptula. Kichongeo kimoja kikubwa kifungwe kwa kamba kwenye meza ya mwalimu, wembe ukome.

Mazoezi ya mkono kwa waliochelewa yanafanyiwa kwenye trei za mchanga, nne. Wazo zuri limeponzwa na mchanga wenyewe, ambao umetoka ufukweni moja kwa moja. Chumvi ya bahari inavuta unyevu wa hewa, mchanga unagandamana, na kidole kikipita hakiachi mstari safi. Uoshwe kwa maji baridi mara mbili tatu, uanikwe ukauke kabisa, ujazwe trei kina cha sentimita 2, usizidi. Ukiwa na kina kirefu kingo za herufi zinaporomoka, b na d zinafanana, na hizo tayari zinafanana vya kutosha.

Kuhesabu ndiko shule hii inakostahili nyota zote. Wiki ilikuwa ya kujumlisha kunakopita kumi, 27 na 15 na ndugu zake. Kosa la kawaida ni 312: mtoto anajumlisha 7 na 5, anaandika 12, kisha 2 na 1, anaandika 3 mbele yake, na anatabasamu. Hakukosea kujumlisha hata mara moja. Alichokosa ni kwamba ile 1 ya 12 ni fungu zima la kumi lenye haki ya kwenda kukaa na mafungu wenzake. Kumwelekeza "peleka moja" bila kumwonyesha inakopelekwa kunazalisha watoto wanaopeleka moja hata pasipo na pa kupeleka.

Zana yao ni chelewa. Kila mtoto ana vijiti 50 vya ufagio wa mnazi vilivyokatwa sentimita 10, na pete tano za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Anaweka mafungu mawili ya kumi na vijiti 7, chini yake fungu moja na vijiti 5. Vijiti vya peke yake vinakuwa 12. Kumi vinafungwa kwa pete, fungu linasogezwa kushoto, vinabaki 2. Mafungu ni manne. Arobaini na mbili. Ndipo wanaandika kwenye daftari la visanduku, tarakimu moja kila kisanduku, na visanduku hivyo pekee vinaizuia nusu ya zile 312, kwa kuwa 12 haienei kwenye kisanduku kimoja.

Anayetaka kuziiga aangalie mambo mawili. Chelewa mbichi ikikauka inasinyaa, fungu la kumi linalegea na kumwaga vijiti katikati ya kipindi, kwa hiyo zianikwe juani siku tatu kabla ya kukatwa. Na zikatwe kwa wembe mkali kwa pembe mraba. Zikikatwa kishazari zinakuwa sindano, na watoto wanne kwenye dawati moja macho yao yako karibu mno. Vijiti 50 kwa watoto 90 ni 4,500, mafagio mengi hayo, lakini wazazi walitakiwa kila mmoja alete cha mwanawe, na kwa nchi ya minazi hilo halikumsumbua mtu.

Pia darasa lina vihesabio vingine kwenye ndoo: vifuniko vya soda, kokwa za ukwaju, makombe. Ndani yake kuna korosho ghafi za ganda. Hizo zitolewe leo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza, na mtoto wa miaka saba akiona korosho atajaribu kuipasua kwa meno. Midomo inavimba na kuchubuka, kipindi kinaishia kituo cha afya. Kokwa za ukwaju zinafanya kazi ileile, hazina anayezitamani. Mbaazi na choroko nazo wasipewe wadogo wa awali, zinapenda kuingia puani.

Alhamisi kulikuwa na duka la darasa: maboksi matupu ya kiberiti na sabuni, pakiti za chumvi, sarafu za karatasi ngumu za 50, 100, 200 na 500. Hapa wanajitokeza watoto wengine kabisa. Wanaouza karanga na barafu jioni wanarudisha chenji ya 1,000 kabla muuzaji wa kuigiza hajamaliza kufikiri, na ndio haohao waliopata 3 kati ya 10 daftarini. Mwalimu aliwaita wawili waandike ubaoni chenji waliyotoa kichwani, hatua kwa hatua. Hilo ni daraja halisi kati ya soko na daftari. Dosari moja: bei zilijaa 350 na 650, sarafu za 50 zikaisha mapema, foleni ikakwama, dakika 8 zikapotea zikitafutwa sarafu chini ya madawati. Bei za mamia kwanza. Hamsini zije wiki ya pili.

Kiingereza kilipita kama upepo, salamu na viungo vya mwili kwa wimbo, hakuna cha kulaumu wala kusifu. Michezo ilikuwa rede, ukuti ukuti na mdako. Mdako ungeweza kuhamishiwa kwenye Kuhesabu bila mtu kugundua kuwa ni somo. Ngoma ya sindimba ilifundishwa kwa hesabu ya mapigo nane, na kijana wa darasa la sita ndiye aliyepiga. Watoto waliohesabu kwa miguu hawakupotea.

Afya na mazingira: kunawa mikono kwa kibuyu chirizi, dumu la lita 5 kwenye mti, kijiti cha kukanyaga, kamba. Tundu limetobolewa na msumari mnene mno, maji yanamiminika badala ya kuchirizika, na dumu limekauka kabla nusu ya darasa haijanawa. Msumari wa inchi 2 uliopashwa moto unatosha. Sabuni imetundikwa ndani ya soksi iliyofungwa mdomo, na hilo ni jambo la maana hapa pwani: kunguru wanaiba sabuni ya mche iliyoachwa wazi, kipande kwa kipande.

Uji unatoka saa 4:00. Kwa darasa hili, mililita 300 kwa kila kikombe ni lita 27, na kilo 3 za unga zinatosha kuupa uzito wa kunywewa. Ulikuwa umeiva, hauna madonge, sukari ya kiasi. Tatizo lilitokea Jumanne tu, uliposhushwa jikoni saa 4:00 yenyewe, watoto wakawa wanapuliza vikombe mpaka kengele. Ukishushwa saa 3:30 na kufunikwa, unafika mdomoni ukiwa wa kunyweka. Kipindi baada ya uji ndicho kilichokuwa na mikono mingi iliyonyooshwa kuliko vyote, na mwalimu wa taaluma angefanya busara kukiweka Kusoma hapo badala ya Kiingereza.

Chumba hakina dari. Mvua za kusini zinaanza kuelekea Desemba na kwenda mpaka Aprili, na ikinyesha kwenye bati, sauti ya mwalimu haifiki dawati la tatu. Jumatatu ilinyesha dakika 20. Mwalimu alisimama, watoto wakasimama, wote wakaitazama mvua. Kazi za mvua zitayarishwe mapema: kadi za kupanga silabi ziwe maneno, picha ya kuandikia sentensi mbili, kazi isiyohitaji kusikia. Upande wa pili wa mwaka kuna msimu wa korosho, Oktoba na kuendelea, ambapo madawati yanapungua watu kwa kuwa mikono midogo inaokota shambani. Azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa mwaka, limepanga sauti mpya kila wiki ya Oktoba na Novemba kana kwamba wote watakuwepo. Miezi hiyo iwe ya kurudia, hasa kwa kuwa upimaji wa KKK wa darasa la pili unawasubiri mwisho wa mwaka.

Ijumaa ni fupi kwa sababu ya vipindi vya dini na sala ya mchana, na nusu ya kilichobaki inaliwa na jaribio. Maswali 10 yanaandikwa ubaoni, watoto wanayanakili, kisha wanajibu. Kunakili kulichukua dakika 20 kati ya 30. Walio nyuma hawakuona swali la 8 kwa mwanga wa dirisha uliokuwa unagonga ubao. Alama zilizopatikana zinapima kasi ya kunakili na macho ya mtoto, na mwalimu hapati jina la hata mmoja asiyejua silabi.

Badala yake: watoto 18 kwa siku, dakika moja kila mmoja, siku tano, wote 90 wamesikilizwa. Ifanyike kwenye kipindi cha Kuandika, wengine wakiwa wanaandika, mwalimu amekaa kwenye kiti mlangoni ambapo darasa lote analiona. Kadi moja yenye herufi 5, silabi 5, maneno 5 na sentensi 2. Pembeni ya jina kwenye daftari lake anaandika herufi moja: H anaishia herufi, S silabi, N neno, T anasoma sentensi. Kufikia Ijumaa mchana ana orodha ya kuyapanga yale makundi ya watatu, na lile kundi linalosimuliana habari za jogoo linapata msomaji wake. Kadi ziwe tatu tofauti, maana kufikia Jumatano watoto watakuwa wameshaambiana kilichomo.

Mwisho ni karatasi ya wiki, inayobandikwa mlangoni na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Imenakiliwa kutoka azimio la kazi neno kwa neno: "mwanafunzi aweze kubainisha sauti changamano." Baba anayeisoma anaitikia "sawa" na kuendelea na shughuli zake. Ingeandikwa: "Wiki hii tunasoma ng'ombe na ngoma, mchi na nchi. Nyumbani mwambie asome maneno haya manne kuanzia la mwisho. Akikwama, mpe sekunde tano kabla ya kumtajia." Robo ya karatasi inatosha, kurasa 23 zilizokatwa vipande vinne zinawafikia wote 90 hata wasio na simu. Mzazi anayetaka kuona somo lenyewe aende Jumanne au Alhamisi, afike saa 2:00 kamili. Siku nyingine kabati limefungwa, na funguo anazo mwalimu wa taaluma.